Namuuguza mama, nami naugua: mshauri wa kwenye simu atanisaidia?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Muheza, Tanga. Nina miaka 39 na watoto wawili. Baba yao tulishaachana. Mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, mama alipata kiharusi. Nilimkuta jikoni ameegemea gunia la mkaa, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia kama kanga iliyolowa. Presha alikuwa nayo miaka mingi, dawa akimeza siku anazokumbuka.

Tangu hapo yuko kwangu. Naamka saa kumi alfajiri, namgeuza, namsafisha, nambadilisha pampasi, napika uji, nasaga dawa. Saa moja kasoro nakimbilia shule, mama anabaki na binti wa kazi, ambaye ni wa tatu tangu mwaka huu uanze. Darasani watoto 87 wananisubiri. Jioni zamu inaanza upya. Kaka yangu yuko Dar es Salaam; hela anatuma, Mungu ambariki, lakini kila akipiga simu swali ni moja: mbona mkono wa mama haunyooki, mazoezi hamfanyi? Mdogo wetu yuko Mwanza. Akija anakaa siku mbili, anapiga picha na mama, anaaga.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nampa mama uji, nimeshavaa nguo za kazini. Kijiko cha nne akautema wote, ukanimwagikia kifuani. Shangazi, sijui nilipatwa na nini. Nilikitupa kijiko ukutani nikapiga kelele, "Unataka nife kabla yako?" Mama hakujibu, maneno yenyewe siku hizi hayamtoki vizuri. Akalia. Upande mmoja tu wa uso ndio uliolia, ule mwingine umetulia vilevile. Nilipogeuka, mwanangu wa miaka 9 yuko mlangoni na begi lake mgongoni.

Tangu siku ile usingizi umenihama. Nashtuka saa nane usiku, moyo unapiga mbio, nabaki naangalia bati mpaka adhana. Chakula hakipiti. Juzi nilijifungia choo cha walimu nikalia mpaka kengele ikagongwa. Na kuna usiku, Shangazi, nalala natamani pasikuche.

Nimezungumza na mama mmoja wa hapa mtaani, mtu wa dini sana, akaniambia nisubiri, pepo iko chini ya nyayo za mama. Najua iko hapo. Ndiyo maana silali.

Mwalimu mwenzangu aliyefiwa na mumewe ananiambia yeye huongea kwa simu na mshauri nasaha aliye Dar, kila Jumamosi, na kwamba amepata nafuu. Amenipa namba. Nina wiki mbili nayo, sijapiga. Mtu asiyenijua, hajawahi kumwona mama yangu, atanisaidiaje? Si ndiyo kutoa siri za nyumba nje? Nyumba yangu haina dari. Ukikohoa chumba hiki, chumba cha pili wanakuambia pole. Akinirekodi je? Halafu mimi sina ugonjwa wa akili, nina mama mgonjwa. Maneno hayatamwinua mama kitandani.

Mwalimu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Naanza na mstari ulioupitisha haraka, kwamba kuna usiku unalala ukitamani pasikuche. Nakuuliza kama ningekuuliza tumekaa mkekani: umefika kuwaza kujiua? Umewahi kuziangalia dawa za mama kwa jicho hilo? Kama jibu ni ndiyo, hata nusu ya ndiyo, namba ya mshauri iweke pembeni kwanza. Leo hii mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, dawa zote za nyumbani zikae kwake, naye akusindikize hospitali ya wilaya au Bombo pale Tanga mjini. Ukifika usiseme kichwa kinauma. Sema vilevile ulivyoniambia mimi. Mshauri aliye Dar hawezi kukushika mkono usiku wa manane. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya huduma ya simu, na sitaki uigundue ukiwa peke yako.

Kama ni uchovu unaosema, kwamba unataka kulala tu bila kuamshwa na mtu, bado utaulizwa. Mshauri anayeijua kazi yake huuliza siku ya kwanza. Lipo dodoso fupi linaitwa PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, chakula, nguvu za mwili, kujiona hufai. Alama zake zinafika 27, na kuanzia 10 mtaalamu huanza kufikiria sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayohitaji kushughulikiwa. Swali la 9 ndilo hilo la kutamani kufa. Usilikwepe. Kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humpa mahali pa kulitua.

Sasa tuje kwenye kijiko.

Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Steven Zarit, na wenzake walitoa dodoso la kupima mzigo wa watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Linalotumika zaidi sasa lina maswali 22. Moja linauliza: je, huwa unapata hasira ukiwa karibu na ndugu yako? Jingine linauliza: je, unahisi ungepaswa kumfanyia zaidi ya unavyomfanyia? Yasome hayo mawili pamoja, mwanangu. Hasira na kujilaumu, ndani ya karatasi moja. Yamewekwa humo kwa sababu watu wanaowapenda wagonjwa wao huwakasirikia, wakaona haya, wakakaa kimya kama ulivyokaa wewe.

Na kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekueleza hospitalini. Kiharusi mara nyingi hugusa misuli ya kumeza. Uji mwepesi unakimbia kooni kabla koo halijajiandaa, na mgonjwa anautema ili asipaliwe. Inawezekana mama alikuwa anajiokoa. Mkalishe wima kabisa, tumia kijiko kidogo, uji uwe mzito kidogo, na umwache akae wima kwa muda baada ya kula. Ukimpeleka kliniki omba apimwe kumeza, maana chakula kikipita njia ya hewa huleta nimonia. Hata kile kilio: ubongo ulioumia unaweza kushindwa kukizuia kilio kama zamani, na karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona yao wenyewe. Mwambie daktari na hilo. Asubuhi ile walikuwepo watu wawili waliozidiwa, na mtoto mmoja mlangoni. Huyo mtoto mkalishe umwambie: mama alichoka akakosea, bibi hana kosa, wala wewe huna. Inatosha.

Unasema maneno hayatamwinua mama. Kweli kabisa, na mshauri atakayekuahidi hivyo mkimbie. Lakini sikiliza tunavyosema wenyewe. Mtu akikonda, halali, hali, tunasema ana mawazo. Lugha yetu ilishajua zamani kwamba mawazo ni mzigo unaobebwa, na mzigo ukizidi hushusha hata mtu mwenye mgongo imara. Kumpumzisha aliyebeba si anasa. Wewe ukianguka, pampasi ya saa kumi alfajiri itabadilishwa na nani? Kaka wa Dar?

Nikuambie langu. Nilipofiwa na mume wangu niliongea na mshauri kwa simu miezi 4, kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda nyuma ya banda la kuku, maana ndipo mtandao uliposhika. Kipindi cha kwanza nililia tu. Yule dada hakuniambia nisilie, wala kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Alinyamaza, nikawa nasikia anavyopumua upande wa pili. Kisha akaniuliza: asubuhi ukifungua macho, kinachokujia kwanza ni nini? Nikamwambia ni sauti ya mswaki wake kwenye kikombe cha bati, ambayo siisikii tena. Nilikuwa nimepokea rambirambi za mtaa mzima, lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo dogo kama lile.

Ndiyo maana kutokujua kwake ni faida kwako. Kaka yako akikusikiliza anajitetea. Mdogo wako anaona anasemwa. Jirani ana huruma ya kweli, ila kesho yuko kisimani. Mshauri hana upande katika ukoo wenu, hakudai, humdai, na saa ile moja haihitaji umuulize yeye watoto hawajambo. Sijui mara ya mwisho ulipata saa moja isiyo ya mtu mwingine ni lini.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kipindi ni dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi mara moja kwa wiki. Kwa hali kama yako watu wengi huanza na vipindi 6 mpaka 12, kisha mnaangalia pamoja kama kuna nafuu. Siku ya kwanza atakueleza masharti ya usiri, atachukua namba ya ndugu wa dharura, na mtakubaliana mtandao ukikatika nani ampigie nani. Nasisitiza hilo la mtandao kwa sababu linaumiza: umefika mahali pagumu, sauti inakatika, unabaki na machozi na simu iliyonyamaza. Mkikubaliana mapema kwamba yeye atakupigia kwa laini ya kawaida ndani ya dakika 5, hutajiona umeachwa.

Baada ya hapo ni kazi, tena kazi ya daftari, ambayo wewe mwalimu utaiweza. Lile wazo la saa nane usiku, "mimi ni mtoto mbaya," atakuambia uliandike, halafu uandike na ushahidi wa pande zote mbili. Upande mmoja kijiko kimoja. Upande wa pili asubuhi zote tangu mwaka juzi. Matatizo mtayagawa: yanayotatulika, kama zamu, hela na binti wa kazi, mtayapangia hatua ndogo ndogo moja moja, yasiyotatulika, kama mkono usionyooka, mtatafuta namna ya kuishi nayo bila kujipiga kila siku. Atakutaka urudishe kitu kimoja ulichokuwa unakipenda kabla ya kiharusi, hata kiwe cha nusu saa. Utaona ni kichekesho. Fanya. Mtu mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo atoke, wakati mara nyingi ni kule kutoka ndiko kunakoirudisha hamu.

Nakutahadharisha pia: usiku wa kipindi cha kwanza unaweza kujisikia vibaya kuliko ulivyoanza. Umefungua sanduku lililofungwa miaka miwili. Usilichukue kama dalili kwamba haifai. Lakini vipindi vitatu au vinne vikipita na bado unajiona unaongea na ukuta, mwambie mshauri waziwazi au tafuta mwingine. Si utovu wa adabu. Nguo haikukai, unabadilisha.

Huenda pia unajiuliza kama haya si mambo ya wenye hela. Kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, ambao hawakuwa wataalamu. Akawafundisha kukaa benchini na watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Neno lao na neno letu ni ndugu. Matokeo ya utafiti wao yalitoka mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa asilimia 14, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 50. Wale walikaa ana kwa ana. Lakini tafiti zilizolinganisha mazungumzo ya ana kwa ana na ya kwa simu ya video zimeona nafuu inakaribiana, kwa sonona na kwa wasiwasi pia. Chombo kinapitisha. Anayetibu ni mtu aliyefunzwa kusikiliza, na wewe unayerudi wiki inayofuata. Anza na sauti tu, bila video: bando linadumu, na mwanzoni wengi hupata ujasiri wasipotazamwa. Bei muulize kabla, usione haya kumtajia mshahara wa mwalimu, wapo wanaopunguza.

Kuhusu siri. Mshauri wa kweli ana mipaka ya kusema, na atakutajia kabla hujaanza: atavunja usiri kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au sheria ikimlazimisha. Zaidi ya hapo, kimya. Kipimo unacho mkononi. Mtaje yule mwalimu mwenzako uone. Akisema "eh, yule anaendelea vizuri," aga ukate simu, namba ifute. Anayeaminika hatakubali hata kwamba anamjua. Muulize amesomea wapi, shahada gani, amefanya kazi wapi, na nani anamsimamia, kwa sababu washauri wazuri nao wana mkubwa wao wa kupeleka mizigo. Kama utapata aliye Kenya, wenzetu wana sheria ya mwaka 2014 iliyounda bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo muombe namba yake ya usajili. Muulize waziwazi kama anarekodi. Asiruhusiwe bila idhini yako. Na yeyote atakayekuuzia dawa kwa simu, akuombe picha, akutake hela za miezi 6 kwa mkupuo, au akuambie kuna mtu kamroga mama, huyo si mshauri.

Nyumba isiyo na dari inanipa mawazo zaidi kuliko teknolojia. Usiongelee humo, mama anasikia hata kama hasemi vizuri, na mtoto anasikia. Una darasa. Saa kumi jioni watoto wameshaondoka, kaa dawati la nyuma mbali na dirisha, vaa visikilizio ili la mshauri lisisikike, useme wewe kwa sauti ya chini. Jumamosi ndiyo bora zaidi, shule tupu. Nyumbani sema una vipindi vya ziada. Hutakuwa umedanganya sana. Simu iwe na nywila, na ujumbe wake usijitokeze kwenye kioo mtoto akiwa anacheza nayo.

Dini yako iache ilipo, mwanangu, usidhani unaikimbia. Swala yako na saa ya mshauri havigombanii nafasi. Yule mama wa mtaani alikuambia kweli kuhusu pepo, ila hakukuuliza umelala saa ngapi.

Kuna jambo moja ambalo mshauri hataweza kulifanya kwa niaba yako, nalo ni kikao. Mzigo wa mama yenu umewekwa kwa binti mmoja kwa sababu yuko karibu na kwa sababu ni mwanamke. Nalisema wazi kwa sababu nimeliona kwenye koo nyingi mno, na linaniuma. Atakachofanya mshauri ni kukuandaa kusema bila kulia na bila kutukana. Usiwaambie ndugu zako umechoka; watakuambia pole. Waambie idadi. Namgeuza mama mara ngapi kwa usiku, pampasi ngapi kwa wiki, binti wa kazi wa ngapi. Kisha uombe vitu vyenye tarehe: kaka aongeze hela ya mhudumu wa pili wa usiku kuanzia mwezi ujao, mdogo wako achukue likizo ya wiki 2 aje akae na mama, nawe uondoke nyumbani ukalale kwa rafiki. Akija, simu ya kupigia picha atakuwa nayo. Mpe na kijiko.

Bado hujapiga kwa sababu hujui uanzeje. Nakuandikia mimi, wewe nakili:

"Habari dada. Mimi ni mwalimu, namuuguza mama mwenye kiharusi. Wiki tatu sasa silali vizuri na nakasirika kupita kiasi. Nahitaji kuongea na mtu. Ningependa kipindi cha sauti, Jumamosi saa nne asubuhi. Naomba nijue gharama na utaratibu wako wa usiri."

Usiongeze kitu, usijieleze, usiombe radhi. Tuma leo, kabla hujakoroga uji wa jioni.

Shangazi yako